Dabi isiwe mali ya mwenye kifurushi peke yake

Shabiki wa soka wa Kigoma siku hizi anaulizwa una king'amuzi gani kabla hata hajaulizwa anashabikia timu gani. Akijibu tu, jamaa ameshajua wikiendi yake itakuwaje. Mwenye king'amuzi hiki ataiona Ligi Kuu yetu na hataiona Arsenal. Mwenye kile ataiona Arsenal na hataiona Simba. Mwenye vyote viwili ni mtu wa kuhesabika mtaani. Asiye na hata kimoja, na hao ndio wengi kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, kuanzia Kibirizi mpaka vijiji vya mwambao, atakwenda kibanda umiza na jero yake mkononi, abanane kwenye benchi na jasho la wenzake, amuombe Mungu umeme usikatike.

Sasa limeongezeka jambo la tatu: programu za kwenye simu. Unapakua, unajisajili, unalipia, halafu unanunua bando. Mpira mmoja, malipo mawili. Kwa kijana wa Dar es Salaam mwenye mtandao wa kasi hiyo ni raha. Kwa kijana wa Kalya au Sunuka, kule kusini ya ziwa, picha inaganda mpigaji akiwa ameinua mguu, na ikirudi timu zimeshakwenda mapumziko.

Naomba tuliongee hili kama wadau wa mpira, bila ushabiki wa king'amuzi fulani. Kuuza haki za matangazo kwa kampuni moja siyo dhambi. Ila kuna mechi ambazo ni za nchi nzima, na hizo tukizifungia nyuma ya malipo ya mwezi bila mlango wa pembeni, tunaukata mpira kutoka kwa watu walioufanya uwe na thamani ya kuuzwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wenye kumbukumbu wanajua ligi yetu ilikuwaje kabla ya televisheni kuingia kwa nguvu. Timu ya mkoani ilikuwa inasafiri kwa basi usiku kucha, wachezaji wanadai mishahara, na bao zuri lililofungwa Sokoine au Kaitaba lilibaki kwenye macho ya waliokuwepo uwanjani. Azam TV ilipoanza mwishoni mwa 2013, wapo waliopinga. Yanga wenyewe waligomea mkataba ule wa mwanzo. Leo hakuna klabu inayotaka kurudi nyuma. Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Fedha hizo ndizo zinazoziwezesha klabu ndogo kupanga bajeti, na ndizo zinazofanya bingwa aondoke na kitu cha maana zaidi ya kikombe.

Kigoma tumefaidika. Mashujaa walipanda Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kuitoa Mbeya City kwenye mchujo, na tangu hapo kamera zinakuja Lake Tanganyika kama zinavyokwenda kwa Mkapa. Aprili 2024 Mashujaa walipoitupa Simba nje ya Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti, nchi nzima iliona. Zamani tungesimulia na watu wangesema Waha wanajisifu. Safari hii picha ilikuwepo.

Kwa hiyo simlaumu aliyenunua haki. Aliyeweka mkwanja mezani ana haki ya kuutafuta urudi, na king'amuzi kinachoonyesha kitu ambacho kingine hakina ndicho kinachonunuliwa. Ukiondoa upekee, bei ya mkataba inashuka, na bei ikishuka wa kwanza kuumia siyo Simba wala Yanga. Ni Mashujaa, ni Tanzania Prisons, ni yule mchezaji kijana ambaye mshahara wake unategemea mgawo wa televisheni.

Lakini anayenunua ni mmoja, anayeuza ni mmoja, na wale wanaotazama ni mamilioni ambao hawakukaa kwenye meza ile. Ni wajibu wa TFF na Bodi ya Ligi kukaa upande wao siku ya kusaini. Tusidanganyane: kwenye mikataba ya namna hii kila mtu anazungumzia mabilioni. Sijasikia sana watu wakizungumzia mvuvi.

Mvuvi nimemtaja makusudi. Fedha ya ziwani haina tarehe ya mwisho wa mwezi. Inakuja giza likiwa zuri, wavuvi wakiingia na taa zao usiku na dagaa wakipanda. Mbalamwezi ikishika, taa hazina kazi, vyombo vinakaa nchi kavu na mifuko inakauka. Mwaka 2024 Serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake. Ila fikiria mtu ambaye kipato chake kinapanda na kushuka hivyo, halafu umuambie mpira unalipiwa kwa mwezi, mechi ziwe tano au isiwepo hata moja.

Na hiyo ya kutokuwepo hata moja siyo utani. Ligi yetu inasimama. Inasimama kwa AFCON, inasimama kwa maandalizi ya CHAN, inasimama kupisha timu za taifa. Kifurushi hakisimami. Siku zinahesabika tu.

Mfano mkubwa kuliko wote ni Machi 8, 2025. Watu walilipia vifurushi kwa ajili ya dabi ya Kariakoo. Wenye vibanda walinunua mafuta ya jenereta, wakapanga viti, wakaandika kwa chaki ubaoni: Yanga na Simba leo. Siku hiyohiyo ya mechi ikatangazwa kwamba imeahirishwa. Dabi ile ilikuja kuchezwa Juni 25, zaidi ya miezi mitatu baadaye, Yanga wakashinda 2-0. Mwenye tiketi ya uwanjani alikuwa na karatasi ya kudai. Mwenye kifurushi alikuwa na nini? Mwezi wake uliisha kama miezi mingine, akalipa tena.

Sasa tupige hesabu ya kawaida. Ligi Kuu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Shabiki anayeona mechi zote za timu yake kwenye kibanda kwa jero ametumia Sh15,000 kwa msimu mzima. Akilipa buku kila mechi, ni Sh30,000. Na anazitoa kidogokidogo, siku ambayo anazo. Asipokuwa nazo anasimama nje ya dirisha na kusikiliza kelele. Haba na haba hujaza kibaba, na kibanda umiza kinaishi kwa haba hizo. Kinachomvuta mtu wa Ujiji kibandani siyo kupenda joto, ni kwamba pale mpira unauzwa kwa kipimo anachokiweza: mechi moja, malipo moja.

Hilo ndilo somo ambalo makampuni makubwa wangejifunza kwa mwenye kibanda. Yeye hakusoma biashara chuoni, lakini alishajua kwamba mteja wake anapata fedha kwa siku, kwa hiyo naye anauza kwa siku. Ndivyo tunavyonunua sukari, mafuta ya mawese, hata umeme wa Luku. Wenye mitandao ya simu walilielewa zamani, ndiyo maana kuna bando la siku na la wiki. Baadhi ya ving'amuzi navyo vimeanza vifurushi vya muda mfupi, na hilo ni jambo jema. Liende mbele zaidi: mechi moja ilipiwe kama mechi moja, na ikiahirishwa, fedha ibaki kwenye akaunti ya mteja mpaka itakapochezwa.

Lakini kibanda tusikipambe sana. Nyumba nyingi za namna hiyo zina mlango mmoja, watu wamejazana kama dagaa kwenye karai, nyaya zinaning'inia, na watoto waliotakiwa kuwa kitandani wako mstari wa mbele saa nne usiku kesho wana shule. Mtu akiniambia tuwaache wananchi na vibanda vyao kwa kuwa wanavifurahia, namuuliza kama mwanawe anakwenda huko.

Na kuna wasiokwenda kabisa. Kibanda umiza ni mahali pa wanaume. Dada anayependa mpira, na wapo wengi, akienda pale atatazamwa yeye badala ya mechi. Mechi ilipokuwa inaonekana kwenye televisheni ya wazi, nyumba yenye runinga moja mtaani ilikuwa uwanja wa wote: mama akichambua mchele, binti akifanya kazi zake za shule, bibi akiuliza yule mwenye jezi nyekundu ni nani. Leo nchi inajivunia Twiga Stars, inajivunia Simba Queens, tunasema tunataka wasichana wacheze. Watapendaje mchezo ambao umehamishiwa chumba ambacho hawaingii? Nikihesabu hasara za kufungia mpira, hii ndiyo naiweka ya kwanza, na ndiyo haionekani kwenye hesabu za mkataba wowote.

Msifikiri ni shida ya Kigoma tu au ya nchi maskini. Marekani, ambako wana kila kitu, wenzetu wa mchezo wa besiboli wamelia kilio hikihiki. Septemba 2022, Aaron Judge wa New York Yankees alikuwa amefikisha mipigo 60 ya kuutoa mpira nje ya uwanja, akiifukuzia rekodi ya 61 ya ligi yao iliyowekwa na Roger Maris mwaka 1961. Jiji zima linasubiri. Mechi ya Ijumaa, Septemba 23, dhidi ya mahasimu wao wakubwa, Boston Red Sox, ndiyo Simba na Yanga yao. Mzee wa New York anawasha chaneli ambayo ameitazama miaka yote, mechi haipo. Iko kwenye Apple TV+ peke yake, ya mtandaoni.

Cha kuzingatia ni kwamba msimu ule mechi zile za Ijumaa zilikuwa hazilipiwi. Bado watu walikasirika. Kwa nini? Kwa sababu bei ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni mlango wenyewe. Ukimhamishia mtu mlango bila kumuuliza, ukamuambia apakue, ajisajili, aweke neno la siri, wapo watakaobaki nje hata kama ndani ni bure. Wanaobaki nje ni wazee, ambao ndio waliowafundisha wajukuu kuipenda timu. Judge hakuupiga usiku ule, aliifikia na kuipita rekodi baadaye, akamaliza na 62. Lakini angeupiga, mashabiki wake wa miaka 40 wangesimuliwa.

Soka nalo limeingia huko. Ligi ya Marekani anayocheza Messi iliuza haki zake zote kwa Apple kwa miaka 10 kuanzia 2023, mkataba wa dola bilioni 2.5. Hata sisi, mpira wa England tunaoupenda hivi unapita kwa SuperSport, na mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa ikaichukua MultiChoice yote. Yaani ufunguo wa Manchester United tunayoiona Ujiji uko kwenye ofisi ya watu ambao pengine hawajui Ujiji iko wapi.

Walioshika ving'amuzi muda mrefu wanaikumbuka GTV. Mwaka 2007 iliingia Afrika kwa kishindo, ikawa na sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya England. Watu wakaacha walichokuwa nacho, wakanunua dishi jipya kwa sababu mpira ulikuwa huko. Januari 2009 kampuni ikafilisika, skrini zikawa nyeusi katikati ya msimu. Yale madishi wengine wameyageuza ya kuanikia mboga. Mpira ukiwa na mlango mmoja, mlango huo ukifungwa hakuna pa kupita.

Kuna kichekesho kingine. Kule England kwenyewe, mechi za Jumamosi saa tisa alasiri haziruhusiwi kuonyeshwa na televisheni za nchi yao. Ni utaratibu wa tangu miaka ya 1960, lengo ni watu waende viwanjani na timu za madaraja ya chini zisikose mashabiki. Kwa hiyo jamaa wa Kibirizi anaiona mechi ambayo mtu wa Manchester hawezi kuiona sebuleni kwake. Hilo linatufundisha kitu: sheria za matangazo hazikushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa, wakaamua wanataka kulinda nini, wakaandika. England waliamua kulinda mlango wa uwanja. Sisi tumeamua kulinda nini?

Hata vibanda umiza vina ndugu zao Ulaya. Mama mmoja mwenye baa pale Portsmouth, Karen Murphy, alishtakiwa kwa kuwaonyeshea wateja wake Ligi Kuu ya England kwa kadi ya king'amuzi cha Ugiriki, kwa kuwa kilikuwa nafuu kuliko cha Uingereza. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Oktoba 2011 mahakama ilisema kumzuia mtu kununua kadi ya nchi nyingine ya Ulaya ni kinyume cha sheria za soko lao, ingawa kuonyesha hadharani vitu vyenye hakimiliki bado kunahitaji ruhusa. Mama mwenye baa alilisumbua shirika kubwa kuliko serikali za nchi nyingi. Wenye vibanda wetu hawana wakili wa kuwafikisha huko. Wanachokijua ni kujificha.

Na kwetu mipaka ya matangazo ni ya ajabu zaidi, kwa sababu ziwa halina mipaka ya ushabiki. Ukivuka upande wa pili, Kalemie na Uvira, watu wanaijua Yanga ya Fiston Mayele kwa kuwa Mayele ni wao. Ukipanda juu, Rumonge na Bujumbura, kuna watu wa Simba wenye jezi. Makambo, Mukoko Tonombe, Kisinda, wote walitoka Congo wakaja kutufundisha kushangilia. Wafanyabiashara wa vitenge na dagaa wanavuka na habari za ligi yetu. Haki zinauzwa nchi kwa nchi, lakini mapenzi yanauzwa na mitumbwi.

Julai 25, 2021 ndiyo siku ninayopenda kuikumbushia kila linapokuja suala hili. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, ililetwa Lake Tanganyika. Mwisho wa Reli ikawa mwanzo wa kila kitu. Watu walitoka Kasulu, Kibondo, Uvinza, na vijiji vya ziwani. Mukoko akalimwa nyekundu, Taddeo Lwanga akafunga bao pekee, Simba wakachukua kombe. Uwanja una mwisho wake. Aliyekosa nafasi mle ndani, nyumba yake ikiwa karibu kiasi cha kusikia kelele za bao, alihitaji king'amuzi chenye kifurushi hai ili aone kinachotokea kwenye mji wake mwenyewe. Hapo ndipo mtu anajiuliza: fainali ile ilikuwa ya nani?

Nchi nyingine zimelijibu swali hilo kwa sheria. Uingereza, pamoja na biashara yao yote, wana orodha ya michezo inayolindwa kwa sheria ya 1996. Fainali ya FA imo, Kombe la Dunia limo. Hizo lazima chaneli za wazi zipate nafasi ya kuzionyesha. India walipitisha sheria mwaka 2007: mwenye haki ya mechi yenye umuhimu wa kitaifa, hasa kriketi, lazima agawane picha na televisheni ya taifa. Afrika Kusini, nyumbani kwa SuperSport kwenyewe, sheria inazuia televisheni ya kulipia kuhodhi michezo ya kitaifa kiasi cha kuzinyima chaneli za wazi, na kanuni za mwaka 2010 ziliorodhesha ni michezo gani. Siyo kwamba sheria inamaliza kila kitu. Mwaka 2023 SABC na MultiChoice walivutana mpaka dakika za mwisho kuhusu Kombe la Dunia la Raga. Lakini walikuwa na kitu cha kuvutania. Mwananchi alikuwa na karatasi inayomtaja.

Sisi tunategemea hisani. Kuna wakati mechi ya Taifa Stars inaachiwa kwenye chaneli ya wazi, na wanaofanya hivyo tunawashukuru. Ila shukrani siyo utaratibu. Leo ipo, kesho haipo, na huna pa kuuliza.

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalomfilisi mtu.

Kwanza, Serikali, TCRA na TFF watengeneze orodha fupi ya mechi za taifa. Iwe fupi kweli, tusiwe walafi. Mechi zote za mashindano za Taifa Stars na Twiga Stars. Fainali ya Kombe la Shirikisho. Fainali yoyote ya Afrika ambayo klabu yetu imeingia. Kuhusu dabi mbili za ligi, hapo najua mwenye haki atapiga kelele, kwa sababu dabi ndiyo inayouza vifurushi. Basi tuanze na moja kwa msimu, wakae wakubaliane. Mechi hizo zionekane TBC1, na mwenye haki afidiwe kwa mapato ya matangazo ya biashara. Kati ya mechi 240 za msimu wa ligi, kuachia moja hakuwezi kuiua biashara.

Pili, vibanda umiza vitambuliwe. Badala ya kuviwinda, vipewe leseni maalumu ya kuonyesha mpira kwa bei inayolingana na viti vyake. Kibanda cha watu 40 kule Ilagala kisilinganishwe na baa kubwa ya mjini. Na leseni hiyo ije na masharti: milango miwili, nyaya salama, watoto mwisho saa fulani, na siku za familia. Mwenye haki atapata fedha ambayo leo haipati kabisa. Halmashauri itapata chake. Mwenye kibanda atalala usingizi.

Tatu, malipo kwa mechi. Nimeshalisema na narudia: mtu wa ziwani hana mwisho wa mwezi. Muuzie dakika 90.

Nne, redio isiguswe. Vizazi vya wazee wetu viliuona mpira kwa masikio. Ahmed Jongo na Charles Hilary walituchorea uwanja wakati wengi wetu hatujawahi kufika Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mpaka leo mvuvi akiwa katikati ya maji usiku, simu haina mtandao, redio ndogo ndiyo inayomuambia Mashujaa wamepata nini. Siku ambayo haki za redio nazo zitafungwa kwa wenye kulipia, tujue tumeshamaliza.

Najua wapo watakaosema mpira ni biashara, na vya bure vimeisha. Sawa. Lakini biashara ya mpira ina tofauti moja na biashara ya sabuni. Bidhaa hii haina thamani bila kelele za watu. Mdhamini halipi kwa ajili ya wachezaji 22 na mpira mmoja. Analipa kwa sababu mtoto wa Ujiji anabishana na mwenzie shuleni kuhusu nani zaidi. Mtoto huyo akikaa miaka kumi bila kuiona ligi, atakapokuwa mtu mzima mwenye fedha zake hatanunua king'amuzi, kwa kuwa atakuwa ameshapenda kitu kingine. Anayefunga mlango leo anajinyima mteja wa kesho.

Kigoma imetoa wachezaji. Juma Kaseja alitoka huku akaja kulinda lango la Simba, Yanga na Taifa Stars. Wachezaji wa namna hiyo huanza kwa kutazama: kijana anamuona kipa anavyoruka, kesho yake anakwenda kuruka mchangani ufukweni. Asipoona, ataigiza nini?

Septemba 2023 CAF waliipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027. Mabango yatabandikwa, nyimbo zitapigwa, wakubwa watasema ni AFCON yetu sote. Mikataba ya nani anaonyesha nini na wapi huwa haisubiri siku ya mechi ya ufunguzi, inaandikwa mapema, kimya kimya. Ndiyo maana nalisema leo. Watu wa TFF, wizara na TCRA wakae sasa, waandike kwa wino kwamba mechi za Stars kwenye ardhi yetu zitaonekana kwenye chaneli ya wazi, mpaka Kagunga, mpaka Kalya. Tukisubiri mpaka wiki ya mashindano, tutaambiwa mkataba umeshasainiwa, na sisi wa huku tutaambiwa tulipie kifurushi.